Majembe Tuliyoyaweka Chini

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa Litembo tu wazima, na mibuni imechanua. Umeuliza kama huko kwenye vita ni dini inayowafanya watu wauane.

Enzi za Mwingereza, jumbe wetu aliwaambia wanaume Wakatoliki wawafukuze Waanglikana kwenye shamba lao la kilimani, ati ni maadui wa Kanisa. Wakawafukuza, wakafyeka nyasi, wakazipanga tayari kwa ngoro, kilimo chetu cha mashimo mlimani. Kuzifukia kwa udongo ni kazi ya wanawake, na bila hiyo hapapandwi kitu. Mama yangu, Mkatoliki wa rozari, akaweka jembe chini.

"Nyasi zenu zioze!"

Nami nikaweka langu, na wenzetu wote. Jumbe akafoka, hakuna aliyeinama. Waanglikana wakarudi kwenye shamba lao.

Jumbe mwenyewe kanisani hakuonekana hata Pasaka. Kilima alikitaka kwa ajili ya mwanawe.

Basi wakikuambia ni dini, waulize: shamba atapewa nani?

Bibi yako