Picha Yako ya Uwanda Mtupu

Nyumba za Walimu,
Nangwa, Hanang.
24 Agosti, 2025.

Mpendwa kaka Gidion,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu zangu na za nyumba nzima, kabla sijaanza kukusumbua. Hujambo huko Ujerumani? Kifua hakikubani tena? Tangu uliposema baridi inakukamata kifua, mama kila tukionana ananiuliza kama unavaa sweta, na mimi kila mara namwambia unavaa. Naomba usinifanye mwongo.

Sisi hatujambo. Joakimu yuko shambani, watoto wanakua na kula. Mahindi tulipata kidogo, maharage ndiyo yametuokoa. Upepo wa mwezi wa nane unaujua mwenyewe, vumbi mpaka ndani ya chai. Afya ninayo, ila usingizi ndio umenikimbia.

Nimekutumia ujumbe wa simu mara tano na umenijibu mara moja tu. Naziona zile alama mbili za bluu, kwa hiyo najua unasoma. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Sista Agripina wa parokia yetu anakuja huko masomoni, naye atakupa barua hii mkononi. Nimemwomba asiondoke mlangoni kwako mpaka aone umeifungua.

Kaka, nilienda Arusha kuyaona maonyesho yako. Hukujua, maana ulikaa siku tatu za mwanzo ukaondoka, na mimi shule ilifungwa baadaye. Nilivaa kitenge kipya. Mlangoni nikamwambia yule dada kwamba mimi na mwenye picha ni tumbo moja, akaniletea soda na kunitembeza kama mgeni rasmi. Nakuambia ukweli, kichwa kilinivimba.

Ile picha ya msitu wa kwetu Mbulu nilisimama mbele yake muda mrefu. Kila jani lina tone lake la maji, na uyoga kwenye magogo unaonekana mpaka mikunjo yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ulikuwa unabeba lile sanduku zito la kamera ya mbao, unajifunika kitambaa cheusi kichwani, na watoto wa kijiji cha Tumati wanakucheka. Simu zetu haziwezi hata nusu ya hapo. Kazi yako ni nzuri, Gidion. Nalisema mapema ili usije ukadhani nina kijicho.

Kisha nikafika ukuta wa mwisho. Pale mmeweka ile kubwa kuliko zote, upana wake kama mbao mbili za darasani zilizounganishwa. Uwanda wetu wa chini ya mlima Hanang, majani mabichi, mlima umevaa wingu, ziwa la chumvi linang'aa kwa mbali. Chini yake pameandikwa mwezi Machi mwaka jana, na maneno haya: "Ardhi ambayo bado haijakanyagwa na mtu."

Niliyasoma mara tatu. Haijakanyagwa na mtu? Wewe uliyejifunza kutembea pale pale, ukianguka kwenye mavi ya ng'ombe wa mjomba Margwe na mama anacheka mpaka anakaa chini? Hata kama si wewe uliyeyaandika, uliyasoma ukayaacha.

Nani aliufanya uwanda ule uwe mtupu? Ni mimi. Uliniambia unahitaji asubuhi tatu bila mtu wala mnyama, nami nikazunguka maboma yote kumi na moja. Nikawaomba kwa lugha ya mama wawapeleke ng'ombe upande wa pili wa kilima, wasiwashe moto, wanawake wasiende kuchota maji mpaka jua lipande. Nyumba zenyewe zimefichwa na vichaka, bila moshi na ng'ombe huzioni. Walikubali kwa sababu mimi ni mwalimu wa watoto wao, na kwa sababu wewe ni mpwa wa Margwe. Mpwa akiomba, nani atamnyima?

Mjomba alifanya zaidi ya tulivyomwomba. Ulisema uzio wa miiba wa zizi la ndama unaingia kwenye picha, akaubomoa kwa mikono yake. Kuna jambo hatukukuambia wakati ule. Usiku wa pili fisi alipita kwenye lile pengo akachukua ndama wawili. Mjomba alitukataza kukwambia, akasema usije ukaharibikiwa na kazi kwa mawazo.

Sasa sikiliza yaliyotufika. Mwezi wa saba ilikuja kampuni inayotaka eneo lile lote wajenge kambi ya watalii. Wana kitabu cha maelezo kizuri, kinang'aa, na ukurasa wa kwanza kuna picha yako pamoja na maneno yako. Wanasema wafugaji walioko pale ni wavamizi wa juzi tu, na ushahidi ni picha, kwa kuwa Machi mwaka jana hapakuwa na boma hata moja. Jina lako limeandikwa pale, na wanalitamka kwa heshima. Wanasema hata mtoto wa nyumbani amethibitisha.

Mkutano mkuu wa kijiji utaamua Jumamosi tarehe 20 Septemba. Watu wa vitongoji vya juu wameahidiwa kazi, na wengi wao hawajawahi kushuka kule bondeni. Wakinyoosha mikono, mjomba na maboma yale yote wanahama. Watahamia wapi, kaka? Pande zote kumelimwa. Mjomba ana umri wa kuegemea fimbo, hana umri wa kuanza kutafuta malisho mapya.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamweleza kila kitu, nikasema ni mimi niliyewaondoa. Alicheka. Akaniuliza, "Mwalimu, maboma kumi na moja yajifiche kwa ajili ya picha? Nani atakusadiki?" Ni kweli, nikijisikiliza mwenyewe nasikia ni uongo wa mtu anayewatetea ndugu zake.

Darasani kwangu nilikuwa na watoto ishirini na wawili kutoka maboma yale. Siku hizi wanakuja wanne. Wale mama waliokuwa wananiletea maziwa wakiniona njiani wanakata kona. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Lakini kuna kitu kimoja, na ndicho kinachonifanya nikupigie magoti. Pale Arusha nilisogea karibu na ile picha nikaanza kuitafuta sehemu yenyewe. Upande wa kushoto, chini ya bega la mlima, nikaliona kaburi la babu. Ile bung'eda waliyoijenga kwa udongo na miti miezi tisa, mimi na wewe tukipeleka maji kwa vibuyu. Ipo, Gidion. Miti waliyoichomeka imeota matawi, na kwenye picha yako matawi yanahesabika. Niliinyooshea kidole mpaka mlinzi akaniambia nisiguse. Watu wote tuliwaondoa, babu hatukuweza.

Kwenye kitabu cha kampuni picha ni ndogo kama kiganja, na pale pa kaburi unaona doa tu. Nilipowaonyesha wakasema ni kichuguu. Wazee wa kijiji wanajua kwamba kaburi la namna ile halijengwi na watu wanaopita njia. Lakini lazima walione kwenye picha ile ile inayowafukuza, likiwa kubwa, mti kwa mti. Leo ukienda pale utakuta kaburi, na kampuni itasema limejengwa juzi pamoja na maboma. Picha yako tu ndiyo yenye tarehe.

Nilikuomba uniletee nakala kubwa. Jibu lako nalijua kwa moyo: "Dada Rahel, hii ni sanaa, usiiingize kwenye migogoro ya ardhi." Kaka, mimi sikuiingiza. Imeshaingia yenyewe, iko ukurasa wa kwanza. Picha ulizopiga kabla ng'ombe hawajaondolewa ulizitupa, uliniambia ziliharibika, na sikulaumu. Nakuomba hii moja tu. Ichapishe kubwa kama ile ya ukutani, uandike na barua kwa mkono wako kwamba palikuwa na watu na uliwaomba waondoke. Nitumie ifike Katesh kabla ya tarehe 20. Ukiweza kuja mwenyewe, njoo. Nimechoka kuomba kwenye simu isiyojibu.

Usipotuma, nitasimama mkutanoni bila karatasi yoyote na kusema nilichofanya, na jina lako nitalitaja, ingawa nalitaja kwa uchungu. Huenda nikahamishwa kituo. Huenda wakanicheka kama alivyonicheka mwenyekiti. Naogopa, kaka.

Joakimu anakusalimu sana, na wapwa zako huku wanakuamkia. Dada Benedikta wa Katesh anasema shikamoo. Mama nilimwambia jana kwamba naandika, nikamwuliza nikupe salamu gani. Aliendelea kupeta maharage, na mara hii hakuuliza habari za sweta.

Mjomba Margwe anakusalimu. Amesema hana kinyongo, maana wewe ni mtoto wa dada yake. Amesema kama unataka kupiga picha nyingine, uje kabla ya mkutano, ng'ombe watawaondoa tena na moto watauzima. Baada ya hapo, amesema, hutakuwa na haja ya kumwomba.

Mungu akulinde na baridi ya huko, na akulainishe moyo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakupenda,
Rahel