Chombo cha Maua cha H.J.

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima nimekipindua chombo cha maua nikitafuta jina la aliyekitengeneza. Hakuna saini, hakuna muhuri, hata mkwaruzo wa bahati mbaya! Kioo cha kijani, mistari ya kahawia, shingo imeinama kushoto. Katikati ya kitako kuna kovu pale kilipovunjwa kutoka kwenye fimbo ya fundi. Wenyewe huliita kitovu. Mafundi wakubwa hukisaga kitovu mpaka kiwe laini. Hiki kimenichana kidole.

Kimekuja na boksi la vitu vya marehemu fulani, msimamizi wa kiwanda. Watoto wake hawajui chochote, wanataka nafasi ya kabati tu.

Basi nikaandika kwenye rejista kama siku zote. Safu ya mtengenezaji: H.J. Yaani hajulikani. Safu yenyewe nyembamba, na miaka kumi na moja hapa makumbusho sijaona sababu ya kuuchosha mkono.

Jumatano, 5 Machi

Mkurugenzi mpya kaanza kusoma rejista. Heri angeendelea kupima mapazia!

Kaingia ofisini kwangu macho yanang'aa. Eti huyu H.J. ni nani? Nikafungua mdomo. Hakungoja. Kahesabu mwenyewe — kazi mia mbili na kumi na nne! Kapuliza kioo, kachonga vigoda, kasuka vikapu. Halafu akaniuliza kwa uchungu kabisa: "Fundi mkubwa hivi, kwa nini hajulikani?"

Nusura nizirai.

Ningesema palepale. Lakini mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na kalamu ya kusaini anayo yeye. Nikasema, ni kweli bosi, inasikitisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kaletwa Mtaalamu. Shahada tatu, lenzi moja. Kakizunguka chombo mara saba bila kukigusa, kisha akatangaza kwamba shingo iliyoinama ni huzuni. H.J. aliiona dunia imelala upande.

Nikajaribu kupenyeza ukweli kwa mlango wa nyuma. Nikasema, vigoda vya H.J. vina miaka mia moja na arobaini, na kikapu chake kimoja kina zipu. Mtaalamu hakutikisika. Basi ni ukoo, kasema. H.J. Mkubwa na H.J. Mdogo.

Mkurugenzi akaandika hilo!

Jumamosi, 8 Machi

Leo mezani nimewasimulia kisa cha rejista ili tucheke. Mume wangu kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Baba mkwe hakucheka. Tunaishi naye tangu macho yaanze kumwingia ukungu. Daktari anasema mwaka huu hauishi kabla hayajafunga kabisa.

Akaniuliza: "Hicho chombo, shingo imelala kushoto?"

Shingo sikuitaja kabisa.

Akasema ni chake. Kakitengeneza kwenye kiwanda cha chupa, mapumziko ya saa sita, kwa mabaki ya chupa za dawa. Kampa msimamizi wake, siku huyo anastaafu. Shingo je? Kengele ya kurudi kazini ililia kabla hajainyoosha. Na ndani, chini kabisa, kuna punje nyeusi — kutu iliyodondoka kutoka kwenye bomba la kupulizia.

Mume wangu kanikonyeza. Na mimi, Mungu anisamehe, nikamkonyeza pia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemulika ndani kwa tochi ya simu. Punje ipo. Nyeusi, ndogo kama kichwa cha pini.

Nimekaa sakafuni, na sketi yangu nyeupe hivyo hivyo.

Jioni nikamwambia. Hakutamba hata kidogo. Kasema tu, miaka thelathini katoa chupa, watu wakanywa wakatupa. Hiki kimoja kilibaki. "Andika jina langu, mwanangu. Yote matatu. Nataka niyaone kabla sijafunga duka." Akajigusa macho.

Nikasema nitaandika. Kwa mdomo wangu huu huu!

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda kwa Mkurugenzi, nimejikaza, hata hotuba nilikuwa nayo. Bosi, kuhusu H.J. — akanikatiza. Njoo uone! Bango la maonyesho, mita nne: H.J., FUNDI ALIYEFICHA JINA LAKE. Limeshachapishwa. Na wewe uliyemtunza kwenye rejista miaka yote hiyo, kasema, nimekupendekezea ajira ya kudumu.

Nikasema nusu: kuna mzee mmoja, alikuwa kiwanda cha chupa, anasema kile chombo ni chake. Nikamtajia na punje.

Mtaalamu akacheka kwa upole, jambo linaloudhi kuliko kucheka kwa dharau. Kila penye maonyesho, kasema, huota wazee. Mtu wa chupa hawezi kuwa na huzuni ya namna ile. Na punje ndiyo saini yenyewe ya H.J.!

Nikasema bango zuri.

Mwoga mimi. Mwoga, mwoga, mwoga.

Alhamisi, 13 Machi

Baba mkwe kanyoa. Suti ya ufunguzi wa kesho imepigwa pasi mara mbili. Sijamwambia kwamba lebo inasema H.J. Mume wangu naye hajamwambia. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa chooni, makumbusho. Ukuta huu ni mbao tupu, ukumbi wote nausikia.

Mgeni rasmi kaomba dakika moja ya ukimya kumkumbuka H.J., eti 'marehemu fundi wetu'. Watu wote wima. Baba mkwe naye kasimama, kavua kofia, kainamisha kichwa, kamsikitikia mtu wa watu kwa moyo mmoja. Halafu kaninong'oneza: "Ni mwenzetu wa kiwandani?" Nilitamani ardhi ipasuke!

Kisha akataka kupelekwa kwenye chombo chake. Kanyoosha mkono, kaishika shingo, katabasamu. Mlinzi akafoka, mzee, haviguswi! Akaomba radhi kwa heshima zote. Akainama mpaka pua ikagusa lebo. Akakaa hapo muda. Ukungu umeshazidi.

"Mwanangu, sioni. Nisomee."

Nikasema nakuja, Baba. Nikakimbilia huku.

Bado yuko pale. Namsikia anawaeleza watu, bila haraka wala manung'uniko, kwamba mkwe wake anakuja sasa hivi kumsomea, ni yeye aliyeiandika. Mtu kamuuliza, imeandikwa nini? Kajibu, majina matatu tu, lakini makubwa.

Nimeshika kitasa cha mlango.

Viatu vya Mkurugenzi — vile vinavyolia. Vimesimama. "Shikamoo, mzee. Usihangaike kumngoja, nitakusomea mimi."

"Marahaba, mwanangu. Soma kwa sauti, na wenzangu wasikie."

Anasafisha koo.