Mtoto Wangu Ananiita Wifi

Bibi Rapiya mpendwa, nakuandikia kichwa kimenivurugika na sina pengine pa kulipeleka jambo hili, maana mama yangu mzazi nikimwambia atalia, na majirani nikiwaambia kabla ya adhuhuri Kochkor nzima itakuwa inajua, basi naomba unisikilize wewe, na majina nitakayoyataja si yetu, nimeyabadilisha, kwa sababu mama mkwe wangu hukusikiliza redioni kila Alhamisi akikanda unga, ingawa akiisikia habari ya chai atajua tu ni mimi, na labda ndicho ninachotaka, sijui.

Sisi tulikuwa mji mkuu, Bishkek, mimi nashona kwenye karakana, mume wangu Kubat anachomelea mageti, na tuna watoto wawili, Perizat anayeingia darasa la kwanza Septemba hii, na Emir ambaye hata kutembea bado anayumba. Perizat hakukulia kwetu. Alipoachishwa ziwa mama mkwe alikuja kumchukua, kama ilivyo desturi yetu kwa mtoto wa kwanza, na baba mkwe alikuwa amefariki mwaka huohuo, nyumba yao ilikuwa kimya, na hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikusema nakataa, nilikunja tu nguo zake nikazitia kwenye mfuko. Tangu hapo bibi yake ndiye mama, baba yake ni kaka Kubat, na mimi, mke wa kaka, ni wifi. Tulipokuwa mjini halikuniuma sana, kwenye simu neno ni neno tu, na tulikuwa tunakuja sikukuu mbili tatu, tunashusha zawadi, tunapakia viazi, tunaondoka.

Baridi iliyopita moshi wa Bishkek ulimkaba Emir kifua, anakohoa mpaka anatapika, daktari akasema mtoto huyu anataka hewa, nikamwambia Kubat twende kwenu Kochkor, hewa ipo, watu wanajenga, wewe utachomelea na mimi nitashona, na hilo lilikuwa kweli, lakini hewa ilikuwa nusu ya sababu, nusu nyingine ilikuwa Perizat, ila hiyo sikuisema kwa mtu. Niliona tukishakaa mji mmoja naye mambo yatajipanga yenyewe. Mama mkwe alituambia kwake kuna vyumba viwili havina mtu, mimi nikasema hapana, tupange yetu, kwa sababu nilitaka Perizat aje kwenye nyumba ambayo mimi ndiye mama mwenye nyumba, tukapata ya ng'ambo ya mto, nikakipaka chumba chake rangi ya njano, nikashona mapazia, nikamtandikia kitanda.

Tulihamia theluji ikiyeyuka na sasa watu wanakata nyasi za mifugo, na kile kitanda hajakilalia hata mara moja. Anakuja na bibi yake, anavua viatu, anakaa juu ya maboksi yetu ya kuhamia pale ukumbini, yamefungwa kamba mpaka leo maana sijapata nafasi ya kuyafungua, anachezesha miguu, anaangalia huku na huku, halafu ananiuliza, "Wifi, mnarudi kwenu lini?" Kila akija. Kwa adabu kabisa, mikono magotini. Namwambia, "Kwetu si ndiyo hapa," ananitazama mimi, halafu anatazama maboksi. Bibi Rapiya, mtoto niliyemzaa ananiuliza nitaondoka lini, sasa mimi nimemhamia nani? Hata sokoni muuza viazi anajua kila kitu na bado anacheka, "Huyo wifi yako mdogo mbona kachukua pua yako," na wenzake wanacheka, na mimi nacheka, halafu nafika nyumbani sijui nilichokuwa nakichekea.

Sasa habari ya chai. Jumapili moja nilimwalika mama mkwe, Emir analia, nyama inataka kushika chini ya sufuria, nikamimina chai mbiombio nikampa bakuli limejaa mpaka ukingoni, wallahi sikufikiri, karakanani ndivyo tulivyokuwa tunakunywa, unajaza moja, unalimaliza umesimama, unarudi kwenye mashine. Kwetu hata mtoto anajua chai humiminwa kidogo ili mtu arudishe bakuli tena na tena, na kumjazia mtu ni kumwonyesha mlango. Mama mkwe akalitazama lile bakuli. Perizat naye akalitazama. Mama mkwe akainywa yote, taratibu, akafuta midomo.

"Nimeshiba, mkwe. Perizat, mwanangu, vaa viatu."

"Mama, nyama inaiva sasa hivi."

"Mtakula wenyewe. Watu wa mjini mna shughuli nyingi."

Wakatoka, na Kubat alikuwa langoni na nyundo yake, akaja ndani mbio.

"Umemfukuza mama yangu."

"Nimemfukuza vipi na nimempa chai?"

"Umemjazia."

"Nilikuwa na haraka."

"Sasa anayefukuza mtu si ndivyo anavyosema?"

Tangu siku hiyo hawajaja, na mimi naona aibu kwenda, na nikipata ujasiri wa kwenda nakumbuka kwamba ni mtoto wangu, kwa nini niende kumwomba kama naazima chujio, basi hasira inapanda, sivai hata viatu. Nikashona nguo ya shule, gauni la buluu na aproni nyeupe yenye ukingo, nimeitia ufundi wangu wote, nikampa Kubat ampelekee. Akarudi nayo. Mama mkwe alikuwa ameshanunua nyingine sokoni. "Anasema asante," Kubat akaniambia, "anasema tumpe mtoto mwenye shida."

Kubat amechoka nasi sote. Anasema turudi Bishkek kabla ya kengele ya kwanza ya shule, na watoto wote wawili. "Mimi ndiye baba yake. Namweka kwenye gari, atalia mpaka tumalize lile korongo la njiani, halafu atanyamaza. Kule hakuna wa kumfundisha kukuita wifi." Akisema hivyo nasema ndiyo, akitoka nje nasema hapana, na kifua cha Emir kimefunguka hapa, analala kama gogo, nikifikiria kumrudisha kwenye ule moshi naona bora tukae, na nikifikiria siku ya kengele, wazazi wamewaleta watoto na maua, nimesimama nyuma ya watu namwangalia mwanangu ameshika maua na mkono wa mwanamke mwingine, naona bora tuondoke. Tukae au tuondoke? Nimchukue au nimwache? Na nikimwacha mimi ni nani hapa, mkwe, wifi, mgeni, mama? Nisaidie Bibi, mimi sijielewi tena.

Wifi wa ng'ambo ya mto

*

Wewe Wifi wa ng'ambo ya mto,

Barua yako nimesomewa na mjukuu wangu mpaka akaomba maji, maana mimi kusoma sijui, na yeye anasema wewe kuweka nukta hujui. Tumevumiliana. Majina umebadilisha, bakuli hukulibadilisha, basi tuzungumze waziwazi.

Hamwondoki. Na mtoto hapakiwi kwenye gari. Jibu ndilo hilo, ukitaka zima redio, yaliyobaki ni ya kukukaripia.

Ulipohama uliwabeba mume, sufuria, cherehani na mtoto mwenye kikohozi, ukafika, ukakaa, ukangoja huyu binti ndiye ahame. Kwani yeye ana kosa gani? Yeye yuko kwao. Mto ule kuna daraja, na tangu theluji iyeyuke anayelivuka ni mwanamke mzee na mtoto mdogo. Wewe mwenye miguu ya kijana umekaa unatazama rangi ya njano.

Halafu unalia kwamba anakuuliza mnarudi lini. Mwanangu, hakufukuzi. Sikiliza vizuri. Tangu apate akili, huyu mtoto amekuona ukija na mabegi na ukiondoka na viazi. Kila mara. Ameshakuzoea ukiondoka. Sasa anakuja anakuta umepaka rangi, umetundika mapazia, na maboksi yamefungwa kamba ukumbini kama yanangoja gari. Wewe ungeamini lipi, mapazia au maboksi? Anauliza siku ili isimkute hajajiandaa. Mtoto asiyekutaka angeuliza tu kama kuna peremende.

Bakuli. Ningekuwa mama mkwe wako ningekumwagia. Hapana, uongo, nisingekumwagia, ningeinywa, nikakurudishia bakuli nikasema ongeza, nione utafanya nini na uso wako. Ulikosea, watu hukosea, lakini ulikosea ukakaa nalo. Kesho, si keshokutwa, nenda. Usibebe zawadi, wanaobeba zawadi ni wageni. Mbebe Emir. Pita mlango wa jikoni, jifunge aproni yake iliyotundikwa pale, kaa penye birika, mahali pa mkwe, useme, "Mama, siku ile nilikujazia kama mwendawazimu, leo nimekuja kumimina upya." Umimine kidogo, chini tu pafunikwe. Akirudisha, umimine. Akirudisha, umimine. Hata ikifika jioni mgongo unauma, humwachii birika mtu mwingine. Na kesho yake uende tena.

Na wewe mwenzangu mwenye unga mikononi, usizime, najua upo. Unga wako unaumuka bila wewe, nisikilize. Nguo aliyoishona mama wa mtoto hairudishwi. Hata kama kabatini unazo kumi hairudishwi. Nyumba yako ilikuwa imenyamaza, ukapewa sauti ndani yake, na aliyekupa ndiye huyu, alikunja vinguo akafunga mdomo. Ameacha mji mzima akaja kukaa ng'ambo yako, na bado hajafungua mdomo kukudai. Unaogopa, najua, na mimi wa kwangu wawili nimewalea hivyohivyo, nikisikia mlio wa gari la wazazi wao nawaita watoto ndani. Lakini bakuli likijaa mwanamke mzima husema, "Mkwe, unanifukuza au umelala?" mkacheka, mkala nyama. Hamvai viatu.

Mumeo naye. Mwanamume anayetaka kumliza binti yake korongo zima ili mkewe asilie ni mtu mwema aliyechoka, mtafutie kazi. Milango ya nyumba ya mama yake sijaiona lakini nakuhakikishia mmoja unakwama. Aende na nyundo yake. Na suala la Bishkek akilirudia, mlete Emir, mwambie aweke sikio kwenye kifua cha mtoto, kisha amalize sentensi yake.

Siku ya kengele Perizat avae nguo ya sokoni. Usininunie. Bibi yake kaichagua, amelala akiiota siku hiyo, mpe. Siku zinazofuata avae ya kwako, maana siku zinazofuata ni nyingi, na aproni itachafuka, na anayejua kuitoa wino ni aliyeishona. Mkono mmoja ashikwe na bibi yake, mmoja na wewe, maua abebe kaka Kubat. Walimu wa hapa wameona mengi, hawatauliza mama ni yupi.

Atalala wapi? Anapolala sasa. Kile kitanda cha chumba cha njano usimwambie akilalie. Mlaze Emir mchana, mlango uwe wazi, watoto wenyewe hupanda vitanda wasivyolazimishwa. Na hilo neno wifi liache mdomoni mwake, usimsahihishe, usimnunulie peremende aliseme jingine, na sokoni ukisikia habari ya pua sema, "Ndiyo, ni yangu, naidai." Mama anaye, mwema, amemlea na nywele zake zimesukwa. Wewe hukuja kumtoa mtu kitini. Umekuja kuketi, nyumba ina nafasi.

Unaniuliza wewe ni nani hapa. Mimi naambiwa maswali hayo huulizwa vyuoni. Wewe ni yule anayekuja kila siku. Anza na hilo.

Sasa inuka. Maboksi yafunguliwe leo, yote, hata lile lenye vitu usivyovijua, na makaratasi yake uwashie jiko. Kamba usitupe, zifunge uani kutoka nguzo mpaka nguzo, uwe na pa kuanikia. Perizat akija, atafute pa kukaa asipaone. Atasimama, atakutazama, atauliza tena mnarudi lini, kwa sababu mara moja haitoshi. Usimwanzishie maelezo ya kwetu na kwenu. Mwambie, "Nimesharudi." Halafu mpe vibanio vya nguo, mwende uani.