Njaa ya Bi Somoe

Jumatano, Nachingwea.

Natangaza rasmi, mbele ya mbu wote wa nyumba hii, kwamba leo nimenyimwa soda. Mtafiti wa Dar, bingwa wa haki ya chakula, alinunua moja akainywa mwenyewe, na mimi ndiye niliyempeleka kijijini Mtua kwa pikipiki yangu, bure.

Huko alimhoji bibi mmoja, Bi Somoe, kuhusu ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba tangu enzi za mabibi zetu. Kila swali lake lilikuwa na njaa ndani.

"Tulikula kwa kuwa ni mitamu," Bi Somoe akamjibu.

"Lakini bibi, ni pale mavuno yalipokosekana?"

"Hata ghala likiwa limejaa. Chumvi tu." Akanigeukia mimi. "Mwanangu, huyu mgeni wako anatafuta njaa. Mwambie hapa imeisha, ajaribu Ruangwa."

Nilicheka peke yangu. Yeye aliandika "chakula cha dhiki", nilimchungulia, kisha akamwomba bibi ashike mng'oko apigwe picha, ila asitabasamu. Asitabasamu! Mwanaharamu yule.

Kinachoniuma ni kwamba kitabu anachokiandika kitasomwa. Wajukuu wa Bi Somoe watasoma humo kwamba bibi yao alikuwa akila umaskini, nao wataamini. Haya yangu nani atayasoma?

Bibi alinifungia ming'oko ya kuja nayo. Jioni nimeichemsha mwenyewe, nikaiweka mezani kwa heshima zote.

Binti yangu akaitazama. "Baba, kwani unga umeisha?"

Watoto wamekula tambi.