Baada ya Magharibi

Sparkhill, Birmingham
8 Julai 2003

Kwako Da Jokha,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu mama alitulea hivyo, si kwa kuwa nina raha nawe. Natumai miguu imepungua uvimbe, na wanao na wajukuu wote hawajambo. Sisi huku wazima. Mume wangu Ussi anaendesha basi lake kama kawaida na anakusalimu, ingawa nimemwambia asikusalimu. Binti yangu Thuwaiba naye mzima, huyo uliyemwita mtovu wa adabu kwenye simu mpaka sauti ikakukauka.

Ulisema sana Jumapili ile, dada, na ulipomaliza ukakata simu, hukuniachia hata nafasi ya kuvuta pumzi. Ulisema nimemfungia mlango kaka yetu Hafidh, baba mzima aliyepanda ndege kuja kumposea mwanawe Faisal. Ulisema Uingereza imenipanda kichwani na damu yangu imegeuka maji. Tena hukuishia kwangu. Nasikia umeyarudia kwenye hitima ya watu, mbele ya sinia, mikono ikiwa na wali. Msema pweke hakosi, Da Jokha, na wewe umemsikiliza mmoja. Sasa kaa kitako unisikilize na mie.

Hafidh alipofika London alinipigia simu kuuliza lini aje kupokea jibu la posa. Nikamwambia Jumamosi, baada ya magharibi, tule pamoja. Basi, maneno hayo tu. Kwetu Makunduchi mtu akisema baada ya magharibi hakuna anayetazama juu. Kila mmoja anajua ni kwenye saa moja hivi, na ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi na babu. Huku sivyo. Jumamosi ile ilikuwa tarehe ishirini na moja Juni, siku iliyo ndefu kuliko zote katika mwaka, na jua la huku siku hiyo huzama saa tatu na nusu usiku. Ndiyo, usiku, na jua lipo. Nimekaa huku muda mrefu mpaka magharibi yangu imehama pamoja na jua, wala sikukumbuka kwamba ya Hafidh imebaki kwenye saa yake ya mkononi. Hapo kosa nalichukua nusu, na nusu tu.

Mchana wa siku hiyo nilikuwa bustanini. Watu wa mtaa wetu walifanya sherehe ya siku ndefu, kila nyumba ilete chakula cha kwao. Mie nilipeleka sambusa, na shoga yangu Goretti, yule Mkongo ninayefanya naye kazi ya kufua mashuka, akaleta maandazi. Wazungu walivaa mataji ya maua, wakajilaza majanini migongo wazi, wanaliota jua ambalo sisi kwetu tunalikimbia. Bibi mmoja wa Kizungu akanieleza kuwa leo jua limefika juu kabisa, na kuanzia kesho litarudi nyuma kidogo kidogo mpaka lile giza la Desemba. Nikamuuliza mnasherehekea nini sasa, kama kesho ni kushuka? Akacheka, akasema ndiyo maana wanasherehekea leo. Goretti akadakia kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Leo jua haitalala, mama. Bwana yangu atakula chakula ya usiku saa ngapi?" Tukacheka mpaka machozi. Nilikuwa na furaha siku ile, dada, nakwambia kweli. Masala ya biriani nilikuwa nimeyaacha tayari jikoni, na wageni wangu niliwahesabia bado sana.

Nyumbani alibaki Thuwaiba. Binti anayeposwa hazururi, hilo nimemfunza hata huku. Alikuwa amejipaka liwa uso mzima, imkauke, aioshe kabla wageni hawajafika. Saa moja kamili, jua likiwaka kama la alasiri, mlango ukagongwa. Kaka yetu huyo, na joho lake na kofia ya viua, pamoja na mzee mwenzake waliyetoka naye Unguja. Mtoto hawezi kumfungulia mkwe na uso wa liwa, nani angefanya hivyo? Akafungua dirisha la juu, akatoa kichwa. Na wewe unajua Kiswahili anakisikia chote, kukisema ndiyo kazi. Akapaza sauti, "Uncle, it's too early, Maghrib bado! Rudini usiku!"

Rudini usiku. Alikuwa na maana kwamba jua likizama tutawapokea kwa heshima zote, lakini Kiswahili chake ndipo kilipofikia. Kwetu sisi, wanaokuja usiku ni wezi na wanga. Hafidh akasimama pale barazani, amekodolea macho ule uso wa manjano dirishani, na majirani wamemkodolea yeye. Kisha akageuka akaenda zake.

Niliporudi, Thuwaiba akaniambia mjomba amekuja mapema, amemwambia arudi baadaye. Nikasema si neno. Nikabandika biriani motoni. Jua likazama, tukasali, Ussi akavaa kanzu yake ya Idi akakaa ukumbini ananyoosha mito. Tukangoja. Mlango ulipogongwa alikuwa Faisal, amekuja na gari ya rafiki yake kumchukua baba. Kijana mwenyewe anasoma hapa hapa Birmingham na saa za magharibi za huku anazijua, lakini muoaji haendi kusikiliza jibu lake, na baba yake alimwambia tu kwamba amealikwa jioni. Alikuwa msikitini tangu alasiri, akiamini kuwa Hafidh yuko kwangu anakula. Akatuuliza baba yuko wapi. Na sisi tukamuuliza yeye.

Sasa sikiliza ambalo Hafidh hakukwambia. Faisal alimkuta baba yake kwenye chumba alichofikia hapa Birmingham, anafunga sanduku. Akamweleza habari ya siku ndefu, akamtoa nje kabisa kumwonyesha mbingu, ambayo mpaka wakati ule ilikuwa na mwanga pembeni. Hafidh akaelewa. Alielewa, Da Jokha! Kisha akasema hata kama ni hivyo, harudi kwenye nyumba ambayo mtoto wa kike amemtolea maneno yale dirishani, na akamkataza mwanawe kuitaja nyumba yangu. Akaondoka, akarudi kwenu kusema alifungiwa mlango. Kosa alilijua, mlango aliujua, na bado akawapeni uongo kwa sababu ukweli ungewachekesha. Namchukia kwa hilo. Andiko hili nalirudia ili usidhani mkono umeteleza: namchukia kwa hilo. Biriani yote niliibeba na sufuria lake mpaka kwa Goretti, na nililia jikoni kwake kwa hasira huku watoto wake wanakula.

Na wewe je? Hukuniuliza hata siku moja jibu lilikuwa nini. Hakuna aliyeniuliza. Mnanijua mie mkaidi, basi mkajijibia.

Jibu lilikuwa ndiyo. Thuwaiba mwenyewe alinijia kabla ya posa kufika, akanishika mkono, akasema Faisal akija nisimrudishe. Liwa ile, dada, alijipaka kwa ajili ya mkwe yule yule aliyemkimbia.

Na lililobaki ni hili. Wameshaoana. Ijumaa iliyopita Ussi alimwozesha binti yake hapa ukumbini kwetu, mashahidi wapo, halua ipo, Goretti jikoni anapakua. Ilikuwa baada ya magharibi, na kila mgeni aliambiwa saa kwa kutaja. Mama yake Faisal, wifi yetu, alimpa mwanawe radhi kwa simu, akapiga kigelegele kwa sauti ya chini kwa kuwa mumewe alikuwa chumba cha pili. Ussi alimpigia Hafidh kumwalika zaidi ya mara moja, na kila akisikia sauti yake alikata. Kwa hiyo mpaka unaposoma hapa, kaka yetu ni baba wa bwana harusi na hana habari.

Utakayemwambia ni wewe. La mlango ulilitangaza kwenye hitima, basi na hili litangaze, kwa sauti ile ile.

Mwaka Kogwa nao umekaribia huko, mwaka mpya wetu. Wanaume watashika vigomba, wapigane uwanjani mpaka vinyongo vya mwaka mzima viwatoke, kisha warudi majumbani kula pamoja. Mie mwanamke, na tena niko mbali. Mwambie mwanao mkubwa amtafute mjomba wake katikati ya uwanja, amtie kigomba kimoja cha mgongo, cha nguvu, amwambie hicho cha Asmahan. Akishapigwa, sina tena neno naye.

Nisalimie watoto wote, na wale wa kwenye hitima mmoja mmoja. Thuwaiba anakwambia shikamoo, ameitamka vizuri. Hafidh akitaka kumwona mkwewe, aje Desemba, nawe ufuatane naye. Nitapika biriani. Mwambie nimesema baada ya magharibi, na magharibi ya huku Desemba ni saa kumi jioni. Akija kwa saa yake, atakuta tumeshasali isha na masufuria yameoshwa.

Mdogo wako, ambaye hasira hazijamwisha,
Asmahan