Wewe na Hilo "Sisi" Lako

Projestus,

Salamu zitafuata. Kwanza nikugombeze, maana wiki tatu hizi nimegombana na watu wa kila aina kwa ajili yako, na kumbe mwenye makosa ni wewe mwenyewe.

Gemu yako imetoka. Ile ile ya shamba la migomba, Kibanja, uliyoihangaikia miaka mitatu katika chumba chako cha kupanga kule Kahororo. Watu wa kampuni ya Dar uliowakabidhi kabla hujaugua wameitoa, na watu wanaicheza kweli kweli. Hapa Muleba kidato changu cha pili wanaichezea chini ya dawati, nimeshawanyang'anya simu nne. Moja nilikaa nayo ofisini nikafika hatua ya sita ndipo nikairudisha, usimwambie mtu. Siku hiyo niliwakuta wawili wanazozana kwamba mmoja alihamia mgomba wa pili bila kulipitisha panga motoni, ugonjwa wa mnyauko ukafagia shamba lote. Nikasema moyoni, huyu ni Proje mtupu. Nani mwingine angetengeneza gemu ambayo ushujaa wake ni kusafisha panga?

Basi nikafungua ukurasa wa mwisho, ule wa majina. Kuna nembo ya kampuni. Kuna jina la kampuni. Halafu: "Imetengenezwa kwa upendo na timu yetu." Nikashuka chini, nikapanda juu, nikashuka tena. Hakuna mtu.

Proje, seremala wa jirani yangu anachoma jina lake chini ya kiti, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Mchora mabango anaacha namba yake ya simu kwenye ukuta wa duka la watu. Mtengeneza midundo anajitaja ndani ya wimbo kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa! Ila gemu, watu wanadhani inaota yenyewe kwenye simu. Mwanafunzi wangu mmoja, tena mwenye akili, aliniuliza, "Mwalimu, kwani gemu inatengenezwa na mtu?" Nilimjibu kwa ukali, maskini, hakuwa na kosa. Angejuaje?

Nikawaandikia Dar. Akanijibu dada mmoja wa mawasiliano, kwa adabu ile inayokera kuliko matusi. Akanirudishia barua pepe zako mwenyewe. "Tumemaliza hatua ya nane." "Tumerekodi mvua, sasa inasikika vizuri." "Mtuvumilie, tumeugua kidogo." Na ile fomu, penye nafasi ya jina la mtengenezaji, umejaza neno moja: Sisi. Kwa hiyo, anasema, kwa kumbukumbu walizonazo kazi hii ni ya kikundi, na kikundi hakikutaja majina.

Sisi nani? Nakuuliza, sisi nani? Mimi ninayekufahamu tangu tulipokaa dawati moja ndiye ninayejua. Ni wewe na ile kompyuta yenye kibodi isiyo na herufi M. Mimi kazi yangu ilikuwa kuijaribu na kulalamika kwamba mbuzi anakimbia mno.

Najua ulikolitoa hilo "sisi". Kwenu Izimbya mtu hasemi "nimefanya", ataonekana anajikweza. Ukila ndizi za bitoke peke yako unasema tumeshiba. Mama yako anaongea hivyo, dada yako vilevile, nyumba nzima. Nyumbani ni adabu. Kwenye fomu ya watu wasiokujua ni kujifuta kwa mkono wako mwenyewe. Na nilikuonya! Ukacheka. "Jina la nini, Jovi? Anayecheza anataka kucheza." Nami nikacheka, mjinga mwenzio.

Halafu kuna hili jingine, ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua.

Ujumbe wako wa mwisho, kutoka hospitali pale Bukoba. "Tupo, tunaendelea vizuri, usijisumbue." Niliposoma "tupo" nikajua mama amefika. Nikarudi kusahihisha mitihani. Mama naye, kule Izimbya, alipata maneno hayo hayo kwa simu ya jirani, akajua mimi nipo hapo kitandani kwako. Dada yako, huko kwa mumewe, akajua mama yupo. Siku mbili, Proje. Siku mbili kila mmoja wetu anamshukuru Mungu kwamba mwenzake yupo, na hapakuwa na mtu. Kutoka Muleba hadi Bukoba siyo Ulaya. Ningekuja na sare yangu ya kwaya kama ningelazimika. Nimekukasirikia mpaka nashindwa... basi. Ngoja nimalize.

Niliwasumbua wale wa Dar mpaka wakachoka. Mwishowe yule dada akaandika kwamba wataweka jina lako, ila hao wengine waliomo kwenye "sisi" wathibitishe kwa maandishi kwamba hawakushiriki. Alituma na karatasi yenyewe. Nikaichapisha, Jumamosi nikaenda Izimbya.

Mama yako amekonda. Kaburi lako kibanjani wamelisakafia vizuri, na pale msalabani jina lako liko lote, la ubatizo na la ukoo. Nilisimama pale nikiwaza kwamba dunia nzima hapa ndipo mahali pekee palipoandikwa ulikuwa nani, na wanaopita ni kuku. Hasira zikanipanda upya.

Nikamsomea mama karatasi. "Mimi niliyesaini hapa chini nathibitisha kwamba sikushiriki, na kwamba Projestus aliifanya kazi hii peke yake." Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Waitu, mwanangu Jovitha, mvua ile ni yangu. Ilinyesha juu ya migomba yangu, mimi ndiye niliyemwambia anua simu italowa." Nikamwambia ni kweli mama, lakini aliyesimama mvuani ni mwanao. Dada yako alikuwa anamenya ndizi mlangoni, kisu kikasimama.

Mama akasema, "Kwa hiyo tuandike kwamba hatukuwepo."

Nilitikisa kichwa kukubali. Akachukua kalamu, akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama anayefundishwa. Dada yako akafuta mikono kwenye kanga, akasaini. Halafu mimi. Nimesaini vitu vingi maishani, ripoti, mikopo, vyeti vya watoto wa watu. Hakuna kilichokuwa kweli kama hicho, na bado niliiweka kalamu chini mara mbili.

Juzi wameliweka. Nimehakikisha tahajia. Liko peke yake kwenye mstari wake: "Imebuniwa, imechorwa na kuandikwa na," kisha wewe. Niliwaonyesha kidato cha pili, kipindi cha kwanza, wote wakiwa na simu zao juu ya dawati kwa ruhusa yangu. Yule aliyeniuliza swali lile akasoma jina lako kwa sauti, akaliharibu, nikamwambia asome tena.

Sasa salamu. Mama hajambo, anakuombea. Senene mwaka huu walikuja wengi. Mimi nipo, kwaya imenishinda kwa sasa, nitarudi.

Pumzika, rafiki yangu. Ninakuahidi, kila watakapotoa toleo jipya nitafungua ukurasa ule niangalie, na siku wakilitoa jina lako watanijua mimi ni nani. Na mtu wangu yeyote akiniandikia kwamba wanaendelea vizuri, nitamuuliza wako wangapi, na nitakuwa njiani kabla hajajibu.

Jovitha,
Muleba