Ruhusa ya Dakika Nne

Chumba cha Takwimu, ghorofa ya pili
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naiweka mbele kabisa kwa sababu nakujua, barua isiyo na shikamoo ungeikunja ukaiweka chini ya mguu wa ile meza inayoyumba. Hujambo? Mama naye hajambo? Magoti yamempa nafasi, au bado anayasingizia kila akichoka kusimama? Mimi ni mzima wa afya, nakula vizuri, nimenenepa mashavuni, na kabla hamjaanza kuulizana ninyi wawili, hapana, bado sina mchumba wa kumleta nyumbani.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Simu yako, baba, ina wenyewe wawili. Ujumbe ukiingia unampa mama akusomee, na mama akishausoma, jirani anaujua kabla chai haijapoa. Simsemi vibaya, nampenda hivyohivyo alivyo. Ila haya ni yako peke yako, ndiyo maana nimemwomba dereva wa gari letu la dawa akukabidhi mkononi, dukani kwako, si nyumbani.

Nianze na kazi, maana kila nikija likizo unaniuliza hasa nafanya nini huku, nami nakueleza mpaka unasinzia. Safari hii nitajaribu kifundi. Zamani hospitali yetu iliendeshwa kwa madaftari. Kila kliniki ilikuwa na lake, na mkuu wa hospitali akitaka kujua wamekuja wagonjwa wangapi, alisubiri wiki mbili ndipo aletewe jibu lililokwisha kuchacha. Sasa yote yanaingia kwenye kompyuta, na mimi nayapanga yaonekane kwenye ukurasa mmoja, tunauita dashibodi. Unafungua tu, unaona wodi ya wazazi ina vitanda vitupu vingapi, dawa gani inakaribia kwisha, kliniki ipi foleni imefika nje. Ni kama uso wa saa. Mwenye saa anaona mishale, hajui kwamba wewe umeyainamia magurudumu tangu asubuhi.

Kuitengeneza si shida, shida ni watu. Mkuu wa hospitali aliniita akaniomba kwa upole nimwondolee rangi nyekundu kwenye ukurasa wa dawa, inampandisha presha. Nikamjibu kwa upole uleule kwamba nyekundu itaondoka yenyewe dawa zikija. Daktari wa meno hufungua kila siku kuangalia kama kliniki yake imeipita ya masikio. Hata mpishi alipanda ngazi na kofia yake nyeupe kuja kudai naye aone, na kusema kweli alikuwa na haki, lazima ajue kesho atawapikia wangapi. Nikampa idadi ya vitanda vyenye watu, bila jina wala ugonjwa. Aliondoka shingo upande, alitaka na umbea kidogo.

Hapo ndipo ilipo kazi yangu ya pili, nayo ndiyo nzito. Mimi ndiye ninayegawa ruhusa za kuona. Namba wanaziona wengi. Majina wanayaona wachache sana, daktari wa kliniki husika na muuguzi wake, basi. Na hata namba zina sharti lake: ikiwa chini ya tano, dashibodi haiionyeshi, inaweka kistari. Ukisema kuna wagonjwa mia mbili wa kifua, hujamtaja mtu. Ukisema katika mtaa fulani yupo bibi mmoja wa miaka themanini mwenye ugonjwa fulani, umemtangaza kwa kipaza sauti. Sharti hilo nililiandika mwenyewe, na nilijisikia vizuri sana siku niliyoliandika.

Sasa nikueleze habari za Sauti. Huyu ni muuguzi wa mapokezi, tunamwita hivyo kwa sababu akiita mgonjwa mmoja wanageuka mpaka wa wodi ya pili. Ni mcheshi, hana kinyongo na mtu. Mwaka huu mwanzoni wifi yake alilazwa kwetu na ndugu wakawa wamefunga midomo, basi Sauti akafungua faili lake aone ana nini. Hakumwambia mtu, hakumdhuru mtu, alitaka tu kujua kama ni jambo la kulia au la kungoja. Lakini mtambo wetu unaweka kumbukumbu ya kila anayefungua kitu, jina lake, siku na dakika, na anayezisoma kumbukumbu hizo kila mwisho wa mwezi ni mimi. Nikaripoti. Akahamishiwa stoo ya mashuka, mbali na kompyuta. Siku tulipokutana kwenye ngazi alinisalimia kama kawaida yake, nami nikamjibu kwa sauti ya hakimu. Nikiikumbuka ile sauti yangu naona aibu.

Baba, vuta kiti ukae.

Wiki tatu zilizopita daktari wa macho, yule wa jengo la nyuma, aliniomba kitu kipya. Alitaka kuona kazi wanazofanya wagonjwa wake, kwa kuwa alikuwa na wasiwasi kwamba wachomeleaji wanaharibikiwa macho kuliko wengine. Nikamtengenezea jedwali. Kabla sijamkabidhi lazima nilikague bila vile vistari, nihakikishe hesabu imekaa sawa, na katika hospitali nzima mimi tu ndiye ninayeweza kuliona hivyo. Wakulima walikuwa mia na kitu, wachomeleaji arobaini na mmoja, washonaji kumi na tisa. Chini kabisa palikuwa na fundi saa, mmoja.

Nilicheka, baba. Nilijiambia kumbe yupo mwingine, leo nimempatia mzee mshindani, miaka yote anajigamba kwamba sokoni kwetu kote hakuna fundi saa ila yeye. Nikabonyeza nione anatoka wapi ili nije nikutanie vizuri. Mtaa ulikuwa wetu. Umri, kati ya sabini na sabini na nne. Mahudhurio mawili. Kwenye miadi ya tatu paliandikwa kwamba hakurudi.

Mpaka hapo nilikuwa kazini. Kilichofuata hakikuwa kazi. Ukurasa wa majina wa kliniki ya macho hata mimi siruhusiwi kuuona. Lakini anayegawa ruhusa ni mimi, kwa hiyo nikajipa. Nikafungua faili lako, nikalisoma lote, nikalifunga, kisha nikajinyang'anya ruhusa ile kama mtu anayefuta meza. Dakika nne.

Kwa hiyo najua, baba. Najua kwamba ni presha ya macho, na kwamba jicho la kulia limeshakwenda karibu lote. Najua la kushoto bado linaweza kuokolewa ukitia dawa kila siku na ukikubali upasuaji, na kwamba siku uliyopangiwa imepita, sasa ni wiki nane. Najua umepita kwenye geti letu mara mbili, hatua mia mbili kutoka kwenye meza yangu, ukaonwa, ukageuza ukarudi nyumbani. Mara ya pili ilikuwa ile Alhamisi uliyonipigia ukaniambia umeshinda dukani, biashara si mbaya. Na ndiyo maana nimeandika kwa kalamu nene na herufi kubwa namna hii, karatasi tisa nzima, ili uisome mwenyewe usilazimike kumpa mtu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijilaumu kwa mambo niliyoyaona nisiyaone. Likizo iliyopita ulinipa saa ya mwalimu nikurudishie pini ya mkanda, ukasema unataka kuona kama bado sijasahau ulichonifundisha. Nilijikaza, nikaipachika mara ya kwanza, na nilivyovimba kichwa. Sikujiuliza kwa nini siku ile ulinipa saa tano za wateja, moja baada ya nyingine. Mimi ninayelipwa kuangalia, nilikaa na wewe kwenye benchi moja siku sita na sikuona kitu.

Lakini si jicho lililoniliza, baba. Katika kila faili kuna mahali pa kuandika ndugu wa karibu, wa kupigiwa simu kukiwa na jambo. Kwenye faili lako pameandikwa: hakuna. Na chini yake muuguzi ameongeza kwa maneno yake kwamba mgonjwa anasema ana binti mwenye kazi kubwa mjini, asisumbuliwe.

Nilitaka kukupigia palepale. Ila ningekuambia nimejuaje? Nikaiweka simu chini, siku zikaenda, nikawa napokea simu zako na kucheka vichekesho vyako. Mwisho wa mwezi ukafika, nikaketi kusoma kumbukumbu kama kawaida. Jina langu lilikuwamo, mstari mmoja, katikati ya mistari elfu mbili. Hakuna ambaye angeuona, maana anayesoma ni mimi. Nilikaa nao asubuhi nzima. Nikamwaza Sauti anakunja mashuka kule chini, nikapiga moyo konde nikaenda kwa mkuu wangu wa idara na karatasi mkononi.

Alisoma, akavua miwani, akaniuliza faili lilikuwa la nani. Nikamwambia ni la mtu ninayempenda na kwamba jina lake nimeshalichukua mara moja bila ruhusa, sitalitoa mara ya pili. Hakunisukuma. Alisema angeshangaa zaidi kama ningekuja na jibu jingine. Kisha akaniandikia barua ya onyo, akakabidhi ugawaji wa ruhusa zote kwa mwenzangu kwa miezi sita, na kumbukumbu sasa wanazisoma watu wawili, jambo ambalo lilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo. Nilimshukuru kwa dhati. Kutoka hapo nilishuka stoo nikamweleza Sauti kila kitu isipokuwa jina lako, nikamwomba radhi. Alinitazama, akanirushia foronya, akaniambia kama nimekuja kuomba msamaha nianze na lile rundo la kulia. Tulikunja mpaka saa ya kutoka, na mwezi ujao anarudishwa mapokezi.

Basi hivi ndivyo ilivyo. Nimekuvunjia heshima, baba. Jambo hili ulilificha kwa makusudi, lilikuwa mali yako, ukanichagulia mimi nisilijue, nami nikaingia kwa mlango ambao funguo zake nilikuwa nimeaminiwa na watu wengine kabisa. Naomba unisamehe. Usiponisamehe mara moja nitaelewa, nitangoja. Mama sijamwambia na sitamwambia. Akikuuliza barua inasema nini, wewe ndiye mwenye kuamua.

Ila nisikufiche nilichofanya baadaye, na hiki nilikifanya kwa haki. Nilimuuliza daktari wa macho, bila kumtaja wala kumgusia mtu, kwamba mgonjwa wa namna hiyo akikawia kurudi inakuwaje. Alinijibu kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kushikwa, na kwamba kila wiki ina bei yake. Upasuaji wenyewe si wa kulala, mtu anaingia asubuhi anatoka mchana na kitambaa jichoni. Kliniki ni kila Alhamisi, aliyekosa miadi anapokewa bila kugombezwa. Alisema wazee wengi hukimbia kwa kuogopa kisu. Sijui kama wewe unaogopa kisu au unaniogopea mimi. Kama ni mimi, baba, nisikilize vizuri: hii kazi kubwa unayoihurumia ni meza, kiti na kompyuta. Vikingoja siku moja havitakufa.

Tangu mwenzangu achukue zile ruhusa, sioni chochote cha kliniki ya macho. Alhamisi hii sitajua kama umekuja au hukuja. Sitakuvizia getini, sitamtuma mtu akuchungulie, sitampigia mama kumuuliza uko wapi kwa ujanja. Nitakuwa mezani kwangu, simu nimeiweka mbele yangu. Ukija, watakuuliza tena kama unaye ndugu wa kupigiwa. Waambie unaye. Wape namba yangu, unaijua kwa moyo, na hata kabla hujamaliza kuvua kofia nitakuwa nimeshashuka ngazi. Ruhusa hiyo siwezi kujipa mwenyewe. Ni wewe tu unayeweza kunipa.

Nisalimie mama sana, umwambie magoti yake nayaheshimu. Salamu kwa muuza viatu wa duka la pembeni na kwa kila atakayekuuliza habari zangu. Nakuombea usingizi mzuri, na mkono usiotetemeka.

Ni mimi,
kitinda mimba wako,
yule unayemwita Karani